Anti Yangu Anasoma Usiku, na Hii Story Ilianza 1901

Wiki jana niliweka picha ya anti yangu amelala kwa kochi na yunifomu ya kazi, kitabu kifuani, viatu bado miguuni. (Aliniruhusu, msianze.) Msee mmoja akaniuliza: mama wa miaka arobaini na kitu, ako na kazi tayari, anasoma nini tena? Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikajikuta nimefika mwaka wa 1901. Kwa hivyo leo ni historia kidogo. Kaeni.

Anti ni muuguzi. Tunaishi naye Kawangware, upande wa Gatina. Anafanya shifti za usiku kwa hosi moja hapa Nairobi, na siku mbili kwa wiki anaenda chuo kusomea uuguzi wa wagonjwa mahututi, yaani ICU, kiwango cha juu ya digrii. Siku za darasa anatoka wodini saa moja asubuhi, saa tatu ako kwa kiti anasikiliza mhadhara wa jinsi mapafu yanavyopumulishwa na mashine. Karo analipa mwenyewe: chama, sacco, na mwezi mmoja uliobana sana, friji yetu. Tulinunua nyingine baadaye. Ndogo.

Sasa panda 46 na mimi tuelekee tao. Ukishapita Yaya, karibu na Hurlingham, kuna hosi mbili ambazo hazijaachana sana. Moja ni Nairobi Hospital, nyingine ni Kenyatta. Kenyatta ilianza 1901 kama Native Civil Hospital, vitanda 40. Jina lenyewe linakuambia ilikuwa ya nani. Mwaka wa 1952 ikapewa jina la mfalme wa Uingereza, King George VI, na baada ya uhuru ndiyo ikawa Kenyatta. Ile nyingine ilifunguliwa 1954 na iliitwa European Hospital. Sitaongeza kitu hapo.

Hata kazi ndani ya wodi ilikuwa na rangi. Sista alikuwa Mzungu. Mwafrika alikuwa dresa: anaosha kidonda, anafunga bendeji, anageuza mgonjwa. Dresa aliyekaa wodini miaka kumi alikuwa amejua mengi sana, lakini alichojua kilibaki mikononi mwake. Hakikuandikwa kwa karatasi, na bila karatasi huwezi kupanda cheo. Uhuru ulipokuja, rangi ikatoka kwa mlango lakini ngazi ikabaki. Kukawa na muuguzi wa cheti chini na muuguzi wa diploma juu, na wengi waliokuwa wakikupokea kule zahanati za mashambani walikuwa wa cheti. Anti alianzia hapo hapo.

Lakini watu walikuwa wanajaribu kuongeza ngazi. Mwaka wa 1968 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha diploma ya juu ya uuguzi, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, ili Wakenya wenyewe wafundishe na waongoze wauguzi. Na kuna jina moja ambalo sikulisikia shuleni hata siku moja: Eunice Muringo Kiereini. Alikuwa muuguzi mkuu wa serikali, halafu kati ya 1981 na 1985 akawa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi. Ulimwengu mzima! Mimi nilimaliza fomu foo nikijua tarehe za Vasco da Gama na simjui huyu mama. Hiyo inaniuma bado.

Sasa cheki hii. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari 1967. Digrii ya uuguzi hapo hapo ilianza lini? 1992. Miaka 25 baadaye. Baraton walikuwa wametangulia kidogo, haki yao wapewe, lakini kwa miaka mingi muuguzi wa Kenya aliyetaka digrii hakuwa na mlango mkubwa wa kugonga hapa nyumbani. Na mlango ulipofunguka, swali likawa: nani ataacha kazi miaka minne aende darasani, na watoto wale nini?

Hapo ndipo kusoma huku unafanya kazi kulipoingia. Aga Khan walileta masomo yao ya uuguzi Afrika Mashariki 2001, yakipangwa kwa watu ambao tayari wako wodini. Halafu 2005 AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture, wakaanzisha masomo kwa kompyuta ili wauguzi wa cheti wapande hadi diploma bila kuacha vituo vyao. Lengo lilikuwa wauguzi 22,000. Kwa nafasi za darasani zilizokuwepo, hesabu ilionyesha kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka 100.

Anti alipita kwa huo mlango. Wakati huo alikuwa zahanati moja huko Kakamega, mimi nikiwa mtoto wa darasa la pili nimepelekwa likizo. Nakumbuka akitoka kazini, anakula ugali amesimama, anaenda kwa kompyuta ambayo hakuwahi kuigusa kabla. Aliniambia alichukua wiki nzima kuzoea mausi tu. Anacheka akisema hivyo, lakini siku hizo hakuwa akicheka.

Kuna mtu atasema, sawa, diploma, digrii, tumeelewa, lakini ICU ya nini tena? Muuguzi si muuguzi?

Ngoja nikupeleke mbali dakika moja, Copenhagen, 1952. Ndio, mwaka ule ule hosi yetu inapewa jina la mfalme. Polio ilikuwa imeingia, watu wanapooza hadi misuli ya kupumua, na mashine za kupumulia ni chache mno. Daktari mmoja, Bjørn Ibsen, akatoboa njia ya hewa kooni, akaweka mrija, na hewa ikawa inasukumwa kwa mfuko unaokamuliwa na mkono. Nani akamue mchana na usiku? Wanafunzi, kama 1,500, wakipokezana zamu kwa miezi. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua chumba maalum cha wagonjwa wa aina hiyo, na wengi wanasema hapo ndipo ICU ilizaliwa. Mimi kilichonishika ni kwamba ICU ilianza na mikono ya watu. Mashine nyingi zilikuja baadaye, na hadi leo mgonjwa aliye kwa mashine ya kupumua anatakiwa awe na muuguzi wake mmoja, anayejua kusoma ile skrini na anayejua lini skrini inadanganya.

Sisi tulianza na mashine. Februari 2015 serikali ilisaini mikataba ya kukodisha vifaa vya hosi 98 nchi nzima: mashine za kusafisha damu, vifaa vya ICU, vya chumba cha upasuaji, vya eksirei. Bilioni 38 ndiyo bei iliyotajwa mwanzo. Mwaka wa 2020 kamati ya Seneti ilipochunguza, ilikuta kuna vifaa vimekaa tu. Kwingine hakukuwa na maji au stima ya kutosha. Kwingine hakukuwa na mtu aliyefunzwa kuvitumia. Na muuguzi huwezi kumkodisha akiwa ndani ya kontena.

Halafu tarehe 13 Machi 2020, kesi ya kwanza ya korona ikatangazwa. Watu wa Kibera na Kawangware mnakumbuka Mbagathi, ile hosi ambayo zamani ilikuwa ya magonjwa ya kuambukiza, ikageuzwa tena kituo cha kutenga wagonjwa. Kila siku tulikuwa tunahesabu vitanda vya ICU kwa taarifa ya habari kama mabao. Vitanda vingapi, ventileta ngapi. Ilichukua muda kabla mtu aulize kwa sauti: na wa kusimama kando ya kitanda ni wangapi?

Anti alikuwa mmoja wa waliopelekwa ICU mwaka huo bila kufunzwa ICU. Mafunzo ya siku chache, kisha twende. Hajawahi kunipa story yote. Alinipa moja tu: usiku fulani mashine ililia, akazima sauti, ikalia tena, na alijua kuna kitu inamwambia lakini hakujua ni nini. Mwenzake aliyesomea akaja mbio, akagusa vitu viwili, ikanyamaza. Nilimuuliza, "Anti, na mgonjwa?" Akaniambia, "Huyo alienda nyumbani. Wewe mtoto, andika hivyo."

Kwa hivyo, msee uliyeuliza, hicho ndicho anachosoma. Anasoma zile vitu viwili.

Na hapa ndipo mimi nabishana na wale wanaosema kusoma huku ukifanya kazi ni raha, eti unapata mshahara na cheti pamoja. Nakubali kuna faida, Anti mwenyewe anasema anachofundishwa mchana anakiona usiku ule ule, na hawezi kubadilisha hiyo na kukaa bweni. Lakini angalia nani analipa. Tangu 2001 wale wanaofungua milango wanasema, soma, usiache kazi. Sawa. Kazi nayo inasema nini? Anti ameomba likizo ya masomo mara mbili, kote akajibiwa hakuna mtu wa kushika nafasi yake. Anabadilishana shifti na wenzake, na kwa kubadilishana huko ashawahi kuandikiwa barua ya onyo. Akimaliza, hosi itakuwa na mtaalamu wa ICU ambaye haikutoa hata siku moja ya kumfunza.

Mtaani wao wana hesabu yao tayari. Tangu Kenya na Uingereza zisaini ule mkataba wa wauguzi 2021, kila mtu kwa ploti anamuuliza, "Sista, unatoka lini?" Mama wa mboga, kinyozi, hata caretaker. Yeye anacheka, anaitisha sukuma ya thelathini, anaenda. Mimi sijamuuliza. Ukweli ni kwamba naogopa jibu, kwa sababu akisema anaenda, sina hoja hata moja ya kumzuia.

Mtihani ni Jumamosi. Anatoka kazini saa moja, unaanza saa tatu, na ameniambia nimletee chai ya tangawizi na nguo za kubadilisha pale Hurlingham, kwa sababu hataki kufanya mtihani akinuka dawa ya wodi. Nimeshaweka alamu.