Residencia: Hesabu ya Magavana wa Hispania

Mwaka 2026 unatimiza miaka 500 tangu Hernán Cortés, aliyeiangusha dola ya Waazteki, atakiwe kujibu kwa matendo yake. Julai 1526 Luis Ponce de León aliingia Mexico na barua za mfalme, akachukua madaraka na kutangaza residencia: kila mwenye malalamiko dhidi ya Cortés ajitokeze. Tunaikumbuka taasisi hiyo kwa sababu ilisimamia kanuni isiyochakaa, kwamba anayeondoka madarakani atoe hesabu palepale alipotawala.

Mizizi yake ilikuwa katika ufalme wa Castile nchini Hispania. Sheria za mfalme Alfonso X, za karne ya 13, zilimtaka hakimu aliyemaliza muda wake abaki mahali pake pa kazi siku 50 ili aliowadhulumu wapate kumshtaki. Hispania ilipovuka Atlantiki, sheria hiyo nayo ilivuka. Mwaka 1502 Nicolás de Ovando alifika kisiwa cha Hispaniola, katika Karibi, kushika ugavana, na akamfanyia residencia mtangulizi wake, Francisco de Bobadilla. Miaka miwili tu kabla yake, Bobadilla ndiye aliyemchunguza Christopher Columbus na kumrudisha Hispania akiwa na pingu.

Cheo ni dhamana, na Hispania ililiweka jambo hilo kisheria: afisa alitakiwa kuwa na wadhamini ambao wangelipa iwapo angepatikana na hatia. Muda wake ulipokwisha, wapiga mbiu walitangaza kufunguliwa kwa shauri. Kwanza jaji alihoji mashahidi kwa siri, akifuata orodha ya maswali: je, alipokea hongo? Aliiba mali ya mfalme? Aliwaonea wenyeji? Kisha ikaja sehemu ya wazi, ambapo raia alileta dai lake mwenyewe. Adhabu ilikuwa faini, kifungo au kuzuiwa kushika cheo, na rufaa za wakubwa zilifika kwenye Baraza la Indias, chombo kilichosimamia makoloni kutoka Hispania.

Wenyeji wa Amerika walijifunza upesi kuzitumia mahakama za mfalme. Mwaka 1531, Cortés alipowashtaki Nuño de Guzmán na wenzake walioitawala Mexico, watu wa mji wa Huejotzingo walileta ushahidi uliochorwa kwenye karatasi za magome. Michoro hiyo ilihesabu kodi waliyotozwa, pamoja na bango la Bikira Maria lililopambwa kwa manyoya na dhahabu, na watu waliouzwa utumwani ili kuligharimia.

Lakini kasoro za residencia zilikuwa nzito. Ponce de León alifariki wiki chache tu baada ya kufika, na shauri la Cortés likaburuzwa miaka mingi. Alipokufa mwaka 1547 hakuwa amepata hukumu ya mwisho. Mara nyingi jaji alikuwa mrithi wa mshtakiwa, na chuki au hongo ikaamua mambo. Huko Ufilipino, Sebastián Hurtado de Corcuera alimaliza ugavana mwaka 1644, na mrithi wake, Diego Fajardo, akamfunga kwa takriban miaka mitano. Baadaye mfalme alimteua kuwa gavana wa Visiwa vya Canary.

Mwaka 1799 serikali iliwaondolea maafisa wengi wa ngazi za chini sharti la residencia, na katika karne ya 19 taasisi yenyewe ikafifia pamoja na dola iliyoizaa. Haikuwahi kuuhoji ushindi wa kivita wala haki ya Hispania kutawala nchi za watu. Mkulima aliyefika mbele ya jaji aliweza kudai alichoporwa na gavana, lakini si uhuru wake.

Hata hivyo, imetuachia mafundisho mawili. Kiongozi asiruhusiwe kuondoka kabla aliowatawala hawajasikilizwa, na anayewasikiliza asiwe mtu mwenye la kupata au kupoteza katika hukumu hiyo. Hispania ililiandika la kwanza katika sheria zake. Ilikwama kwenye la pili, na hapo ndipo wanyonge walipokosa haki yao.