Bei ya Kununua na Gharama ya Kuishi na Chombo: Redio, Simu na Mahitaji ya Nyumbani Muyinga

Kila kifaa kipya kinapoingia sokoni hutanguliwa na ahadi kwamba kitarahisisha maisha. Je, ahadi hiyo hutimia? Wengi wetu hujibu kwa kukitazama kifaa chenyewe: kinaweza kufanya nini, kina kasi gani, kinauzwa bei gani. Katika insha hii nitajenga hoja kwamba tunaangalia mahali pasipostahili. Historia ya redio na simu katika ukanda wetu inaonyesha kuwa chombo hukidhi mahitaji ya watu kutegemea mambo mawili: kinakula nini kila siku, na watumiaji wana uhuru gani wa kukigeuza kwa haja zao. Bei ya dukani hulipwa mara moja, lakini gharama ya kuishi na chombo hulipwa kila wiki. Nimezaliwa Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, karibu na mpaka wa Tanzania, na mambo mengi nitakayoyaeleza niliyaona nyumbani kabla ya kuyasoma.

Tuanze na redio. Zamani redio ilikuwa sanduku zito lililohitaji umeme wa ukutani au betri kubwa, hivyo ilibaki kuwa mali ya wakoloni na matajiri wachache. Mwaka 1949 mjini Lusaka, Harry Franklin, ofisa wa habari wa serikali ya kikoloni ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, aliishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika. Ilitiwa ndani ya umbo la sufuria ya alumini, na jina la sufuria likabaki nayo. Iliuzwa pauni 5, nayo betri ilinunuliwa kando na kudumu takribani saa 300. Watu waliipenda na kuinunua kwa wingi. Hata hivyo, mfanyakazi aliyejinyima ili aipate alilazimika kujinyima tena kila betri ilipokwisha. Redio ilikuwa yake, ila sauti yake aliikodi.

Kilichobadilisha hali hiyo ni transista, iliyovumbuliwa nchini Marekani mwaka 1947. Redio ndogo za transista zilianza kuuzwa huko mwaka 1954. Wanahistoria husifu udogo wake, lakini kwa mkulima wa milimani sifa kubwa ilikuwa nyingine: ilikula umeme kidogo mno. Betri ndogo za dukani zilitosha. Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, chombo ambacho kingeweza kuingia katika nyumba isiyo na waya wa umeme kilikuwa tayari kipo.

Haja yenyewe ilionekana wazi zaidi wakati wa vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993. Mwaka 1995 ilianzishwa Studio Ijambo, iliyowakutanisha waandishi wa habari Wahutu na Watutsi, na mwaka 1997 ukaanza mchezo wake wa redio Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, kuhusu familia mbili jirani. Mchezo huo ulipendwa sana. Lakini miaka hiyohiyo, kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999, nchi jirani zilikuwa zimeiwekea Burundi vikwazo vya biashara, na bidhaa nyingi ziliadimika au kupanda bei. Babu yangu husimulia kwamba betri, ambazo wazee huku kwetu huziita mawe, zilianikwa juani mchana ili zipate nguvu kidogo ya jioni. Redio iliwashwa saa ya habari na saa ya mchezo, kisha ikazimwa. Muziki ulikuwa anasa. Hapo tunaona jambo muhimu: redio ilikidhi haja ya kweli, lakini kwa kipimo kilichowekwa na betri.

Mwingereza Trevor Baylis aliliona tatizo hilo mwaka 1991 alipotazama kipindi cha televisheni kuhusu kuenea kwa UKIMWI Afrika. Akabuni redio inayopata umeme kwa kuzungushwa mkono, na miaka michache baadaye ikatengenezwa kiwandani Cape Town. Kwa hesabu yangu, hicho ndicho chombo tulichokuwa tukikingoja, kwa kuwa hakili kitu. Lakini ilikuwa na bei kubwa kwa mwanakijiji. Nyingi zilinunuliwa na mashirika ya misaada, na nyingine zikapata wateja Ulaya na Marekani, watu waliotaka redio ya kwenda nayo kambini au ya kuweka akiba kwa siku ya dharura. Mfano huu unanizuia kuirahisisha hoja yangu. Gharama ya kila siku ikiondolewa yote na kupakiwa kwenye bei ya dukani, mnunuzi maskini hubaki nje ya mlango.

Simu ya mkononi ilikuja na funzo la pili, yaani uhuru wa kugeuza matumizi. Mwishoni mwa mwaka 2003 kampuni ya Nokia ilitoa simu aina ya 1100. Haikuwa na kamera wala intaneti. Ilikuwa na vitufe vilivyozuia vumbi, na tochi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Katika nchi ambayo hadi leo takribani mtu mmoja tu kati ya 10 ana umeme, tochi si pambo. Kwetu iliangaza njia ya chooni, ikamulika wodi ya wazazi, ikasaidia kuhesabu pesa sokoni jua lilipotua.

Matumizi mengine hayakubuniwa na kiwanda chochote. Kubipu, yaani kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea, kuliwawezesha wasio na vocha (unite, kama tunavyosema Burundi) kutuma ujumbe bila kulipa. Mtafiti Jonathan Donner, aliyeuchunguza mtindo huo Rwanda na kuchapisha makala yake mwaka 2007, alionyesha kwamba ulikuwa na kanuni zake: mwenye uwezo ndiye anayetarajiwa kupiga. Vivyo hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu nchini Uganda walikuwa wakitumiana vocha kama njia ya kutumiana pesa, kabla huduma ya pesa kwa simu haijakuwepo. M-Pesa yenyewe ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 ili wakopaji warejeshe mikopo midogo. Wakopaji wakaanza kuitumia kupelekeana pesa wao kwa wao, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Wahandisi walileta mtambo, lakini haja ilitajwa na wateja. Leo mwanafunzi aliyeko Gitega hahitaji tena kungoja gari la kupitia Karuzi ili apokee posho kutoka Muyinga. Hutumiwa kwa simu, hata siku ambayo magari yamekwama kwa kukosa mafuta.

Je, simu janja inafaulu mtihani huohuo? Mwaka jana swali hili lilifika sebuleni kwetu. Pesa za mavuno ya maharage zilitosha kitu kimoja tu: simu janja ya mdogo wangu, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa taifa, au paneli ndogo ya sola yenye taa mbili. Mimi nilitetea simu, kwa kuwa niliona jinsi wenzangu wanavyotumiana maandishi ya masomo kwa WhatsApp. Mama alisikiliza, kisha akauliza, “Hiyo simu italala njaa siku ngapi kwa wiki?” Simu ya vitufe tuliipeleka kibandani kuchajiwa mara moja au mbili kwa wiki. Simu janja ingekwenda kila siku, kila safari kwa malipo, na juu yake data. Tulinunua paneli. Mdogo wangu alisomea mwanga wake, na simu yetu ya zamani ikaacha kwenda kibandani.

Sisemi kwamba kila nyumba ingefanya vilevile. Mfanyabiashara anayeagiza bidhaa kupitia mpaka wa Kobero anaihitaji simu janja ili aone picha ya mzigo kabla hajalipa. Familia zenye ndugu waliokimbilia kambi za Tanzania au Ulaya huitumia kuonana nao uso kwa uso, na haja hiyo si ndogo kuliko mwanga. Hali ya umeme nayo haijasimama. Mwaka 2021 mtambo wa umeme wa jua wa megawati 7.5 ulizinduliwa Mubuga, mkoani Gitega. Umeme ukifika nyumbani, hesabu ya Mama itabadilika, na simu ileile iliyokuwa mzigo itakuwa msaada bila kuongezewa kitu chochote kiwandani.

Hilo ndilo ninalotaka tulitafakari sisi wanafunzi wa historia. Tunazoea kuandika historia ya teknolojia kwa tarehe za uvumbuzi: 1947, 1954, 2007. Tarehe hizo ni za kweli, lakini ni za upande wa muuzaji. Upande wa mtumiaji una kumbukumbu zake, za betri zilizoanikwa, vibanda vya kuchajia na simu zilizokatwa kabla hazijapokelewa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ningeongeza kwamba hata kizuri kilichojiuza bado kinapaswa kulishwa, na anayejua kama kinafaa ni yule anayekilisha. Anayetaka kupima kama teknolojia mpya inatufaa, serikali au kampuni au mtafiti, aanze kwa kumuuliza huyo.