Kanga ya Kale na Historia ya Rangi Zake

Maji yanaweza kuharibu kanga ya kale kuliko vumbi. Anayetaka kufua nguo ya bibi yake aanze kwa kuijua rangi yake, kwa sababu kila rangi iliyofika pwani ilikuja na tabia yake.

Katika miaka ya 1830, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliiuzia Unguja merikani, pamba nzito isiyopaushwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokwamisha biashara hiyo, nguo za Bombay zikashika soko. Merikani haina rangi ya kuchuja. Kaniki, nguo ya pamba ya buluu iliyokoza, imetiwa nili, nayo nili haiyeyuki majini. Hubanduka kwa kufikichwa.

Kanga ilienea mwishoni mwa karne ya 19. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Nyingi zilichapwa ng'ambo, Uholanzi, Uingereza na India, baadaye Japani. Nyekundu ya alizarini, iliyofungwa kwenye pamba kwa chumvi ya alumini, huvumilia maji. Mwaka 1884 ikagunduliwa nyekundu ya kongo, inayoshika pamba bila chumvi hiyo. Rangi za aina hii ni nyepesi kutumia, lakini huchuja. Kwa macho, nyekundu mbili zaweza kufanana kabisa.

Kwa hiyo jaribu kwanza. Dondosha tone la maji kwenye pindo, kwenye mji, yaani sehemu ya katikati, na kwenye jina, yaani maandishi, kisha bana kila mahali kwa kitambaa cheupe kwa dakika chache. Rudia kwa maji ya sabuni. Kitambaa kikipata rangi, usifue. Ondoa vumbi tu kwa brashi laini.

Ikiwa haichuji, itandaze juu ya wavu wa nailoni ndani ya beseni pana. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na chokaa, hivyo tumia maji yaliyotoneshwa na sabuni laini isiyo na dawa ya madoa. Bonyeza kwa sifongo, usifikiche wala usikamue. Suuza mpaka maji yawe meupe, inua nguo kwa wavu wake, uikaushe kivulini ikiwa imelala juu ya taulo jeupe. Ndimu na chumvi juani huondoa kutu, lakini asidi hula pamba. Klorini nayo huzikata nyuzi.

Penye tundu, usikate kingo. Weka kitambaa chembamba cha pamba kwa nyuma na ukishikize kwa uzi mwembamba, mishono iweze kufumuliwa na fundi wa kesho.

Doa la hina liache lilivyo. Huenda ni ishara kwamba nguo ilivaliwa harusini. Tunahifadhi kanga ili maisha ya mwenyewe yasomeke, na hilo ni kubwa kuliko weupe.