Saa ya Michezo na Suti: Sheria Hii Ilitoka Wapi?

Wiki hii naweka kando programu na seva, tuzungumzie kifaa kingine chenye betri na saketi ambacho wengi wetu tunakivaa kila siku bila kukifikiria: saa ya mkononi. Swali lenyewe nimeulizwa mara kadhaa na vijana wa huku kwetu Waithaka, hasa wale wanaoanza kuitwa mjini kwa mahojiano ya kazi. Je, mtu aliyevaa suti na tai anaweza kuvaa saa ya michezo, au ni lazima atafute saa ya "kiofisi"?

Mtu anaweza kucheka na kusema hili ni jambo dogo. Si dogo ukiangalia mfuko wa anayeuliza. Kijana ana suti moja ya mitumba aliyoitoa Gikomba au Toi, fundi wa hapa mtaani akampunguzia kiuno na mikono. Saa aliyo nayo ni moja tu, Casio ya plastiki. Halafu anaambiwa na wajuaji kwamba saa hiyo itamwaibisha mbele ya mabosi. Basi anaenda kwa mchuuzi katikati ya jiji na kununua saa ya rangi ya dhahabu, yenye jina kubwa la Uswisi na bei ya chakula cha mchana.

Kabla hajatoa hela hiyo, ningependa ajue sheria hii ilikotoka. Sisi tunaoandika programu tuna desturi moja nzuri. Ukikuta mstari wa zamani ambao hujui kazi yake, usiufute haraka, na usiuabudu pia. Kwanza uliza: aliyeuandika alitaka kuzuia nini? Haya, tuanze.

Saa zote za mkononi zilianza kama saa za kazi

Miaka 120 hivi iliyopita, mwanamume wa Ulaya aliyevaa suti aliweka saa mfukoni mwa kizibao, ikiwa na mnyororo. Saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Waliobadilisha mambo ni watu ambao mikono yao ilikuwa na shughuli. Katika vita vya Makaburu na Waingereza kule Afrika Kusini (1899–1902) kuna askari waliofunga saa zao za mfukoni mkononi kwa mikanda ya ngozi. Mwaka 1904 Louis Cartier alimtengenezea saa ya mkononi rafiki yake Alberto Santos-Dumont, rubani kutoka Brazil, ili aweze kusoma wakati bila kuachia usukani wa ndege.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Mizinga ilipigwa kwa dakika zilizopangwa, na askari aliye handakini hakuwa na nafasi ya kufungua koti atafute saa. Vita hivyo hivyo vilifika kwetu pia. Jina la Kariokor hapa Nairobi linatokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza. Vilipokwisha mwaka 1918, saa ya mkononi ilikuwa imezoeleka kwa wanaume.

Zingatia hapo. Kama sheria ni kwamba kifaa cha kazi ngumu hakiendi na suti, basi hakuna saa yoyote ya mkononi inayoenda na suti. Mzee wa mwaka 1900 angetuambia sote tuvue.

Maji, na yule jasusi wa sinema

Mwaka 1926 Rolex walitoa saa waliyoiita Oyster, yenye kifuniko kilichozuia maji. Mwaka uliofuata Mercedes Gleitze, mwogeleaji wa Uingereza, aliingia nayo katika mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, na kampuni ikalitangaza jambo hilo kwa kishindo. Mwaka 1953 zikaja saa mbili za wapiga mbizi ambazo hadi leo zinaigwa na kila mtu: Fifty Fathoms ya Blancpain na Submariner ya Rolex. Zilikuwa nene, za chuma, na ukingo wake ulizungushwa ili mpiga mbizi ahesabu dakika alizokaa chini ya maji.

Hapo ndipo sheria yetu ilipata nguvu. Saa nyembamba yenye mkanda wa ngozi ikawa ya suti, na saa nene ya chuma ikawa ya baharini. Lakini haikukaa muda mrefu. Katika sinema ya Goldfinger ya mwaka 1964, Sean Connery akiwa James Bond alionekana amevaa koti jeupe la jioni na mkononi ana Submariner. Watazamaji wengi hawakuona kosa. Waliona mtu aliyependeza, wakatamani saa kama yake.

Saa ya kidijitali ilianza na matajiri

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda zaidi, maana inahusu mambo yetu.

Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko walianza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi kuingia sokoni. Ndani yake mna kipande cha fuwele ambacho kikipitishiwa umeme hutetemeka kwa kasi isiyobadilika. Kasi iliyokuja kuwa ya kawaida katika saa za namna hii ni mitetemo 32,768 kwa sekunde. Wenzangu wa programu mtaitambua namba hiyo mara moja: ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara 15. Saketi inagawanya kwa mbili, tena kwa mbili, mara 15, na mwisho inabaki na mpigo mmoja kwa sekunde. Rahisi na safi.

Mwaka 1972 ikaja Pulsar ya kampuni ya Hamilton, saa ya mkononi ya kwanza sokoni iliyoonyesha wakati kwa tarakimu za umeme. Je, ilikuwa ya plastiki? Hata kidogo! Ilikuwa ya dhahabu na iliuzwa dola 2,100. Katika sinema ya Live and Let Die ya mwaka 1973 James Bond huyo huyo, sasa akiwa Roger Moore, alivaa Pulsar. Wakati huo tarakimu nyekundu mkononi zilikuwa dalili ya utajiri.

Baada ya hapo bei ya saketi ikaporomoka, kama ilivyo kawaida ya saketi. Kabla ya muongo huo kwisha, saa za kidijitali za plastiki ziliuzwa kwa dola 20 na chini yake. Casio wakatoa G-Shock mwaka 1983, kazi ya mhandisi Kikuo Ibe aliyetaka saa inayoweza kuanguka mita 10 bila kufa. Mwaka 1989 wakatoa F-91W, ile nyembamba nyeusi ambayo umeiona kwenye mkono wa mwalimu, wa kondakta na wa fundi wa baiskeli.

Basi tarakimu ni zile zile na kazi ni ile ile. Zilipokuwa dola 2,100 zilikwenda na suti. Ziliposhuka chini ya dola 20 zikaambiwa ni za kukimbilia.

Sheria haikufa, ilihamia kwenye bei

Mwaka huo huo wa 1972 Audemars Piguet wa Uswisi walitoa Royal Oak, saa ya michezo ya chuma iliyochorwa na Gérald Genta, na wakaitoza bei kuliko saa nyingi za dhahabu. Mwaka 1976 Patek Philippe wakafuata na Nautilus, ambayo pia ilichorwa na Genta. Tangazo lao lilidai kwamba saa hiyo inafaa kwa vazi la kupiga mbizi na inafaa vile vile kwa suti ya jioni. Yaani waliokuwa walinzi wa sheria ndio waliofungua mlango, mradi mteja awe na pesa.

Tukija karibu na kwetu, angalia Oman, ambako wako Waswahili wengi wenye asili ya Zanzibar. Sultan Qaboos, aliyetawala kuanzia 1970 hadi alipofariki Januari 2020, aliagiza saa za Rolex zenye nembo ya jambia na kuzitoa zawadi. Miongoni mwake zilikuwamo Daytona, iliyobuniwa kwa mashindano ya magari, na Submariner ya wapiga mbizi. Saa ya michezo ilitoka mkononi mwa mfalme kama heshima, na hakuna aliyeiona kuwa utovu wa adabu.

Sasa linganisha na Bill Clinton. Alipoingia ikulu ya Marekani mwaka 1993 alivaa suti na Timex Ironman, saa ya plastiki ya wakimbiaji, na waandishi wa mitindo walimcheka. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo, alionekana mwaka 2015 akiwa na suti na Fitbit Surge, mpira mweusi unaohesabu hatua na mapigo ya moyo. Kufikia hapo watu walishazoea, na mwaka huo huo Apple walianza kuuza saa yao.

Na hapa Kenya?

Hapa nchini mavazi rasmi ni jambo la kupigania. Mwaka 2003 kuna wabunge waliotolewa nje ya kikao kwa kuvaa mavazi ya Kiafrika. Mwaka 2011 Mike Sonko alitolewa kwa sababu ya vipuli na miwani ya jua. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti ya Kaunda bungeni. Kanuni ya mavazi ya wabunge wanaume inataja koti, kola, tai, shati, suruali ndefu, soksi na viatu. Saa haimo. Nyumba kali kuliko zote kwa mavazi haikuona haja ya kukagua mkono wako, lakini jirani yako ameona!

Nje ya Bunge nako mambo yamebadilika. iHub ilipofunguliwa kando ya Ngong Road mwaka 2010, vijana wa programu waliketi meza moja na watu wa benki, hawa na fulana, wale na tai. Tulijifunza kusomana kwa kazi. Na Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, miongoni mwa mambo yaliyowakera ni saa za bei kubwa mikononi mwa wanasiasa. Hizo zilikwenda vizuri sana na suti, na ndizo zilizoleta aibu.

Sheria ilitaka kuzuia nini?

Nikiifungua sheria hii ya zamani naona sababu tatu za maana ndani yake.

1. Unene. Saa ipite chini ya mkono wa shati bila kukwama. G-Shock ya mraba, DW-5600, ina unene wa milimita 13.4, na inakwama kweli. F-91W ina milimita 8.5 na uzito wa gramu 21. Inapita bila tatizo, kama saa nyingi za "kiofisi".

2. Utulivu. Usimkatize mwenzako. Hapa saa ya plastiki ina dhambi yake: ule mlio wa kila saa kamili, unaolia katikati ya maombi au mzee akianza kuongea kwenye ruracio. Uzime. Saa janja zina dhambi kubwa zaidi, maana zinawaka na kutetemeka kila ujumbe unapoingia, na kila ukitazama mkono anayekuhoji anadhani umemchoka.

3. Usafi. Kamba iliyopasuka na kioo chenye mikwaruzo vinaonekana kuliko jina la kampuni. Sabuni na mswaki wa zamani vinatosha, na kamba mpya kwa fundi wa saa haitakufilisi.

Katika hizo tatu hakuna bei. Wala hakuna usahihi, ambao ndio kazi ya saa. Na kwa usahihi plastiki inashinda: Casio wanasema F-91W haitapotea zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi, ilhali saa ya kimakanika yenye cheti cha Uswisi inaruhusiwa kukimbia hadi sekunde 6 kwa siku, yaani dakika 3 kwa mwezi.

Uamuzi wangu

Saa ya michezo inaweza kuvaliwa na suti kama ni nyembamba, kimya na safi. Ile nene kama tofali iache nyumbani siku hiyo, hata kama ni ya bei mbaya. Mazishi na harusi yako mwenyewe ni siku za kutotazama saa kabisa, hivyo ukienda mkono mtupu hakuna ulichokosa.

Ile ya dhahabu bandia mimi siikubali. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia tangu 2008, lakini hata tukiacha sheria, fikiria ujumbe wake. Suti ya mitumba inasema umejipanga kwa ulicho nacho. Casio safi inasema hivyo hivyo. Saa yenye jina la kuibwa inasema kitu tofauti, na anayezijua halisi atakisoma kabla hujaketi.

Hela hiyo nauli. Panda matatu ya mapema, maana barabara ya kutoka Waithaka asubuhi mnaijua, na ufike dakika 20 kabla ya wakati. Hapo saa yako itakuwa imekwisha kufanya kazi yake, hata kama hakuna aliyeiona.