Safu ya lugha: Kobalti

Neno hili limetoka kwa wachimba madini wa Ujerumani. Kobold alikuwa zimwi la machimboni, waliyemlaumu kwa mawe yasiyotoa fedha na yaliyofuka moshi wa sumu. Kwetu Katanga, kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi, kobalti ni jina la riziki. Wachache huliunganisha na ndeke inayotua kwenye uwanja wa Luano.

Lakini madini hayo yamo ndani ya injini yake. Feni kubwa ya mbele husukuma hewa nyingi ipite nje ya kiini, na hewa hiyo ndiyo hutoa sehemu kubwa ya msukumo. Hewa inayoingia kiini hugandamizwa, huchomwa pamoja na mafuta, kisha gesi yake huzungusha turbini inayoiendesha feni. Hapo joto la gesi huzidi kiwango cha kuyeyuka cha mapanga yenyewe! Hayayeyuki kwa sababu yametobolewa vitundu vya hewa ya kuyapoza, na nikeli yake mara nyingi imechanganywa na kobalti. Mtoto wa Katanga afundishwe hilo pamoja na alama ya kobalti, Co.

Mwaka 1978 vita vilipofika Kolwezi, bei ya kobalti ilipaa, na watengeneza injini wa Marekani wakaanza kutafuta aloi zenye kobalti kidogo.