Kalendula katika utunzaji wa ngozi ya watoto wachanga

Kalendula (Calendula officinalis) ni ua la bustanini la rangi ya manjano au chungwa, la jamii moja na alizeti, lililozoeleka tangu zamani Ulaya ya kusini. Lisichanganywe na Tagetes, maua yenye asili ya Amerika yanayouzwa pia kwa jina la marigoldi. Anayetaka kujitengenezea mafuta asome jina la kisayansi kwenye pakiti ya mbegu.

Petali zilizokaushwa hulowekwa katika mafuta ya alizeti au ya zeituni, kisha huchujwa. Rangi ya dhahabu hutokana na karotenoidi, lakini uwezo wa kutuliza uvimbe huhusishwa zaidi na triterpenoidi, hasa esta za faradioli.

Kwa watoto, kalendula hupakwa hasa penye vipele vya nepi. Ushahidi ni haba. Jaribio la Iran lililochapishwa mwaka 2012 lilihusisha watoto 66, na waliopakwa kalendula walibaki na vipele sehemu chache kuliko waliopakwa shubiri; hapo, hata hivyo, zililinganishwa dawa mbili tu. Shirika la Dawa la Ulaya hukubali dawa za kalendula za kupaka kwa kuwa zimetumika miaka mingi, na halizipendekezi kwa walio chini ya miaka 6. Losheni za watoto husajiliwa kama vipodozi, hivyo sharti hilo halizigusi.

Mwenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti anaweza kuwashwa. Vipele vyenye usaha au vinavyoambatana na homa hupelekwa kliniki.