Majina ya Maradhi Mawili Katika Mwili Mmoja

Aghalabu maradhi hupewa jina kabla hayajajulikana vyema, na jina likishazoeleka vinywani mwa watu ni taabu kuling'oa. Historia ya homa ya ini aina ya B na ya UKIMWI yatuthibitishia jambo hilo.

Mwaka 1965 Baruch Blumberg na wenzake huko Marekani walitangaza kwamba wameona katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia kitu kigeni, ambacho kiliitwa antijeni ya Australia. Jina lilifuata mahali, wala halikugusa ugonjwa. Baadaye ilidhihirika kuwa ni sehemu ya kirusi kinachoshambulia ini, na mwaka 1976 Blumberg alipewa Tuzo ya Nobel. UKIMWI nao, ulipoonekana mkoani Kagera mwaka 1983, baadhi ya watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha biashara. Ndipo likaja neno UKIMWI, lililoundwa kwa vipande vya maneno upungufu wa kinga mwilini, likaenea kwa kuwa lina maana na latamkika.

Homa ya ini haikupata bahati hiyo. Kwanza, wengi wenye kirusi hicho hukaa nacho miaka mingi bila homa wala dalili nyingine. Pili, kwa kuwa macho huweza kugeuka manjano, wako wanaoichanganya na homa ya manjano, ambayo huenezwa na mbu. Mwenye kuchanganya hivyo atajikinga na mbu, hali hatari i katika damu, katika kujamiiana, na kwa mtoto anapozaliwa na mama mwenye kirusi. Hivyo twapendekeza mchochota wa ini.

Je, mwenye maradhi yote mawili? Wengine husema ana maambukizi pacha. Lakini pacha huzaliwa pamoja, na virusi hivi huweza kuingia mwilini kwa nyakati mbalimbali. Twaona maambukizi ambatani yafaa zaidi, kwani wawili huweza kuambatana hata kama mmoja alitangulia safari.

Huu si ubishi wa maneno matupu. Tenofovira na lamivudini hupambana na virusi vyote viwili. Mgonjwa akibadilishiwa dawa za VVU, na hizo zikaondolewa pasipo kulikumbuka ini, kirusi cha B huweza kufumuka hata kuhatarisha maisha yake. Hapana budi kadi yake iseme wazi ana nini.